Jina Lile, Mwili Mwingine

Saa tisa usiku, Oulu, mwezi wa pili.
Nje magari yanakwangua theluji
kwa ratiba niliyoiandika mimi,
na ratiba ina kosa: Tuira inapitiwa mara mbili,
daraja halipitiwi kabisa.

Kosa nimelipata. Mstari wa mia nne na kumi.
Nimebadilisha namba moja, nimehifadhi,
nikaegemea kiti kungoja skrini ijirekebishe.
Ikanitazama tu.

Nikahifadhi tena.
Nikaongeza nafasi tupu, nikaifuta, nikahifadhi,
kama mtu anayebonyeza kitufe cha lifti kwa hasira.
Mlinzi wa mafaili, niliyemwasha mwenyewe asubuhi,
alikuwa macho. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka.
Hakusema kitu.

Sasa najua kwa nini, na sijui kama nicheke.
Kihariri changu hakiandiki juu ya faili.
Kinaandika jipya pembeni, kimyakimya,
kinalitupa la zamani,
kisha kinalivisha jipya jina la marehemu.
Na mlinzi halindi jina. Analinda mwili.
Tangu saa tatu asubuhi amekaa kando ya maiti
akihesabu pumzi,
na taarifa yake ni ya kweli: hakuna mabadiliko.

Si mara ya kwanza kugombana naye.
Juzi alipokea mafaili elfu nane mia moja tisini na mawili,
lililofuata akalifungia nje bila hata kunong'ona,
kwa sababu maktaba za watu nisiowajua
zilikuwa zimekwisha kukalia viti vyote.
Wiki ile nyingine alijenga, akaona alichokijenga,
akadhani ni kitu kipya, akajenga tena,
mbwa anayebwekea mwangwi wake,
mpaka feni ikavuma na meza ikapata joto.

Halafu yapo yale ya Luleå, ng'ambo ya ghuba,
kwenye diski tunayochangia na Waswidi.
Huko likitokea jambo, sauti haivuki waya.
Inabidi kwenda mlango kwa mlango.
Hodi, umebadilika? Bado.
Sekunde mbili. Hodi, umebadilika? Bado.
Hodi.
Betri inakwisha kwa adabu hiyo.

Macho hayana pazia, wanasema.
Haya yana orodha.

Veikka Lohiniva alirudi kazini mwezi wa kumi na moja
baada ya likizo ambayo hatukumuuliza.
Kadi ileile mlangoni,
kikombe kilekile kilichovunjika mkono,
jina lake likawaka kijani kati ya majina ya waliopo.
Nilimwona kila siku. Nilikuwa naketi hatua nne kutoka kwake.
Alipoacha kula nasi hakuna kengele iliyolia;
alipoanza kujibu "sawa" kwa kila swali
nikadhani amekuwa mpole.
Mwezi wa kwanza aliaga, nikashangaa kwa sauti,
watu wakageuka.
"Raili," akasema, huku akikunja waya wa chaja yake,
"mimi mbona niliondoka zamani."

Nimemzima mlinzi, nimemwasha upya.
Dawa ni hiyo tu, kila mtu hapa anaijua na anaionea aibu.
Akiamka huyasoma majina yote tena,
mlango wa kwanza hadi wa mwisho,
kama mgeni.
Ratiba imejengwa. Daraja limo.
Saa kumi na dakika sita nimelisikia gari
likipunguza mwendo kwenye kona, likageuka,
chuma kikaanza kukwaruza upande wa mtoni.

Nilipaswa kwenda kulala.
Badala yake nimefungua simu, nimetafuta jina lake,
limo palepale, kati ya Leila wa mishahara na Vesa fundi bomba,
na saa hizi si za kumwandikia mtu.
Nimeandika: Hodi.

Hatajibu. Yeye hulala simu ikiwa imezimwa,
aliwahi kuniambia,
au huyo alikuwa Veikka wa zamani.