Maziko ya Vitabu

Mwanawe alipiga simu kutoka Barselona:
nyumba iwe tupu kabla ya Ijumaa,
vyombo gawa, kochi uza,
"na vile vitabu, Mirta, wewe unavijua."

Nilivijua migongo tu.
Miaka sita, kila Alhamisi saa kumi alasiri,
nililala kwenye kochi lile nikihesabu rangi zake
huku nikitafuta pa kuanzia:
kahawia, kahawia, buluu iliyochujuka,
kitabu kinene cha ndoto, kitabu cha watoto wasiosema,
kisha, bila pazia wala mpaka,
Talmudi ya babu yake, juzuu kumi na nane;
mbili zilisahauliwa bandarini,
hakuna ajuaye bandari ipi.

Leo navishusha. Agosti, Buenos Aires,
baridi inapenya chini ya mlango,
nimevaa koti ndani ya nyumba ya marehemu
na vumbi lake linanipigisha chafya.

Dakta Zulema Waisburd hakufunga siku ya kufunga.
Alikula mkate wa nyama ya nguruwe dirishani,
Villa Crespo nzima ikimwona.
"Mimi na Mungu," alisema, "tumeachana kwa amani."
Lakini aliwahi kunifunulia ukurasa mmoja,
mwaka ule nilipoanza kujifunza kazi yake:
"Tazama. Neno liko katikati, jembamba kama kisima.
Pembeni wamekaa wafafanuzi,
wa karne hii, wa karne ile,
wanabishana, na hakuna anayetia mguu kisimani.
Mgonjwa ndiye katikati, Mirta.
Wewe ni pambizo. Kaa pambizoni."

Saa nane anafika bwana Naum wa makaburi,
kofia ya sufu, gari dogo la mizigo.
Kwetu kitabu kitakatifu kikichakaa
hakitupwi, hakichomwi;
huzikwa, kule La Tablada, kama mtu.
Anapekua upesi, kama anayechagua mawe kwenye mchele:
hiki kina Jina, kizikwe.
Hiki hakina, kiuzwe kwa kilo.
Kitabu cha ndoto, kilo.
Kitabu cha huzuni ya wajane, kilo,
ingawa pambizo zake zimejaa mwandiko
na duara la kikombe cha mate
limekaa juu ya neno *bado*.

Halafu madaftari.
Mia moja na arobaini, nyuma ya Talmudi,
yamefungwa kwa uzi wa kufungia nyama.
Hapo nikasimama mlangoni, mikono nimeitanua.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
na sasa kata imevunjika,
mitungi bado tunatembea mjini,
tunapanda basi, tunanunua vitunguu.
Nani ayasome? Moto upi? Kilo ngapi?

"Sisomi," akasema bwana Naum. "Naangalia kona tu."
Akafunua moja kwa ukucha.
Juu, kulia, kila ukurasa, kila saa ya kila mtu,
herufi mbili ndogo za Kiebrania, kwa penseli:
kwa msaada Wake.

Yule mla nguruwe.
Miaka arobaini na mitatu,
kabla ya kuandika neno la yeyote,
aligonga kwanza mlango wa yule waliyeachana.

Bwana Naum akajikuna ndevu.
"Kisheria, herufi mbili si Jina.
Watu huandika hivyo makusudi, ili karatasi iweze kutupwa."
Akatazama kochi. Akanitazama.
"Lakini mimi macho yangu mabovu. Pakia."

Lilikuwepo la *M., Alhamisi*.
Nakiri. Nilisoma mstari mmoja:
*Leo kanyamaza dakika arobaini. Nisimharibie.*
Nikalifunga, nikalirudishia uzi.

Ijumaa asubuhi udongo ulikuwa mzito, umeshiba mvua.
Tulikuwa wawili na koleo moja.
Sikujua dua inayofaa daftari,
nikasimama pambizoni.