Safu ya Mwisho

Fomu ina safu kumi na nne.
Umri, uzito, sukari, shinikizo la damu,
siku ngapi mashine, saa ngapi kifudifudi,
figo zilisimama au hazikusimama.
Safu ya mwisho imeandikwa MATOKEO,
na chini yake kisanduku cha tarakimu moja tu:
moja, hai. Mbili, amefariki.
Tatu, amehamishwa, hatujui.

Mimi si daktari. Mimi ni karani
wa orofa ya chini, hospitali ya hapa Vitoria.
Dirisha langu linatazama magurudumu ya ambulensi
na rasharasha yetu hii isiyojua kunyesha wala kuacha.
Machi ile sikuingia chumba cha mahututi hata mara moja.
Niliwafahamu kwa namba za vitanda,
kama mtu anavyowafahamu majirani
kwa kikohozi cha nyuma ya ukuta.

Sitini na mmoja walitiwa mrija kooni.
Ishirini na sita: mbili.
Niliziandika kwa kalamu nyeusi
na mkono haukutetemeka; hilo bado sijausamehe.
Mmojawao Edurne, mwoka mikate wa mtaa wangu.
Niliandika mbili yake kabla sijasoma jina.
Nyumbani, mfukoni, ilikuwapo bado nusu ya mkate wake,
imekauka kama jiwe la kunolea.

Sasa mwaka umepita, nimepewa simu na maswali.
Unapanda ngazi? Umerudi kazini? Unalala?
Ninaowapigia ni wale wa moja,
na ndani ya moja nakuta nyumba nzima nzima.
Koldo, aliyecheza mpira wa ukutani kwa kiganja kitupu
mpaka ukuta ukamwogopa,
leo kijiko kinamponyoka. Anacheka:
"Supu imenifunga ishirini na mbili kwa bila."
Mama Garbiñe hawezi kusikia birika likipiga mluzi
asijishike koo; amempa jirani.
Mwalimu Iñaki amesahau majina ya wanafunzi wake,
ila anamkumbuka farasi wa kijani
aliyesimama siku tisa miguuni pa kitanda,
na ananiuliza, kwa upole,
kama naye aliruhusiwa kwenda nyumbani.
Moja. Moja. Moja.

Halafu kitanda cha saba, tatu yangu ya pekee,
aliyepakiwa usiku kupelekwa Bilbao vitanda vilipojaa,
karatasi zake zikapotelea njiani.
Balbino Ochoa, mkulima wa viazi.
Wiki tatu simu yake ililia ndani ya nyumba isiyojibu.
Jana ikapokelewa.
Sikusikia neno. Nilisikia pumzi:
inaingia ikikwaruza, inangoja, inatoka.
Tukakaa hivyo, mimi nikihesabu, mazoea ya kazi.
"Samahani, nilikuwa ghalani. Ngazi ni saba.
Zamani zilikuwa saba vilevile, lakini fupi."

Nikamsomea maswali, akayajibu
kama mtu anayemaliza deni dogo la duka.
Kisha akauliza lake:
"Nilipoamka Bilbao nilikuta nimenyolewa ndevu,
ila masharubu yameachwa,
yamechongwa kama ninavyoyachonga mwenyewe.
Nani alijua?"

Nikapanda orofa ya tatu, kwa mara ya kwanza.
Wauguzi wakatazamana.
Mmoja akasema huenda ni Nekane, yeye alikuja na wembe wake.
Mwingine akasema, lakini wiki iliyofuata
Nekane mwenyewe alikuwa kitandani, cha kumi na tisa.
Kitanda cha kumi na tisa nakikumbuka.
Sikusema. Wao wanakikumbuka kunizidi.

Nikashuka. Nikafuta tatu, nikaandika moja.
Na pembeni, nje ya kisanduku, pasipo safu,
kwa herufi ndogo: masharubu.

Mkaguzi atauliza maana yake.
Aulize.