Balungi

Ni kidogo. Rangi yake karafuu
iliyokaa siku tatu juani.
Kikiniponyoka mkekani nitakitafuta hadi magharibi.
Bei yake Shaame hataki kuisema,
nami nimeshaipiga kwa mahesabu yangu ya kizamani:
kidonge kimoja, siku nne za kuchambua.
Vinatoka Maskati kwa mkono wa mtu,
vimefichwa ndani ya soksi za mtoto.

Baada ya alfajiri Raya huja na maji,
kikombe kile kisicho mkono.
"Bibi, bismillahi."
Nameza. Nakaa.
Nakisikiliza kifua kama usikilizavyo panya darini:
yupo?
kahama?

Daktari wa Mnazi Mmoja aliinyanyua picha dirishani.
"Dawa hii haiui," kasema, "inafunga mlango."
"Kwa komeo au kwa kamba?"
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Kwa kamba, mama. Lakini kamba nzuri."
Akaanza kunihesabia ya kukatazwa,
nikaitikia yote, hewala, hewala,
hadi la mwisho:
"Na balungi usile."

Balungi!
Mbalungi wangu u hatua sita toka jikoni,
nimeupanda juu ya kitovu cha Shaame,
na mwaka huu umezaa kwa inda,
matawi yameulalia ukuta wa choo.
Usiku nalisikia moja likianguka, du,
nageukia upande wa pili.

Mize kaja na mkate wa kumimina na swali lake.
"Kwani weye ukivuta?"
Nimevuta, Mize.
Miaka arubaini na mitatu nimevuta
makumbi mabichi, kuni za mvua,
jiko lisilo dirisha, nimeinama napuliza,
na nyinyi nyote mmekula.
Sikumwambia. Nilimkatia mkate wake mwenyewe.

Uso umenitoka vipele kama wa mwanafunzi.
Tumbo halina adabu.
Kope zimerefuka hata zinanichoma machoni,
Raya huzipunguza kwa kimkasi cha cherehani,
kaziba pumzi, ulimi nje.
Maharusi wa Wete wanazinunua dukani kope hizi,
sisi tunazipuliza dirishani.

Lakini Mfunguo Sita nilikuwa siwezi kizingiti,
na juzi nimefika bombani nikarudi
na ndoo ndogo, imejaa,
wala sikupumzika penye jiwe.
Nilitaka kumpigia mtu kelele: tazama!
Aliyekuwepo njiani ni Hamadi.
Hamadi ana maradhi haya haya,
ila kipimo chake kilikataa, dawa hii si yake.
Tukasalimiana.
Ndoo nikaihamishia mkono wa pili,
nikatembea polepole kuliko nilivyoweza.

Jioni nikachuma balungi moja, zito,
nikalimenya kwa ajili ya Raya,
ganda, kisha ule weupe, kisha ngozi ya kila kipande,
kama alivyokuwa akitaka baba yake.
Vidole vyangu vina nyufa, kucha zimevimba pembeni,
maji yake yakaingia humo,
yakauma,
nikaendelea kumenya.
"Bibi, mbona unalia?"
"Si kilio. Mwaka huu
balungi nalila kwa vidole."

Kesho ni cha kumi na tisa.
Raya kaacha kokwa mbili juu ya kisahani,
anauliza tuzipande wapi.