Hodi ya Kuchelewa

Nina ugonjwa wa milango isiyo na kitasa.
Nikishushwa mji wowote, kabla sijatafuta chai
macho yanatafuta dirisha lisilo kioo,
ukuta ulioota mti, bango lililoliwa na kutu.
Mama anajua kazi yangu ni kupima barabara.
Jioni zangu hajawahi kuziuliza.

Tskaltubo, Novemba, manyunyu.
Muuza mikate alinichorea ramani kwenye karatasi ya unga:
mistatili kumi, na ndani ya kila mmoja
neno lilelile, kwa herufi zao za mviringo.
Sikujua kulisoma. Nikajisomea: tupu.

Jengo la nne lilikuwa na nguzo za kimahakama.
Zamani wachimba makaa waliletwa hapa kwa treni
kuloweka magoti katika maji ya vuguvugu;
serikali ililipa, daktari akaandika dakika.
Sasa ukumbi wa dansi una dimbwi katikati,
na ndani ya dimbwi mna dari,
na darini nyota ya plasta iliyopungua ncha.

Nikapanda. Ngazi huwa nazihesabu:
ishirini na mbili, kisha sita hazipo,
nikazivuka kwa bega na ukuta.
Juu, sakafu ya mbao imeng'olewa, ubao kwa ubao.
Nikamlaani mwizi kwa sauti,
mimi, niliyetia kigae cha buluu mfukoni
dakika tano tu kabla.

Ghorofa ya tatu, harufu.
Si ukungu, si popo.
Vitunguu. Vinakaangwa bila haraka.

Mbele yangu kamba, na juu ya kamba
soksi za mtoto, jozi tatu, na shuka lenye kiraka.
Bomba la jiko limetokeza dirishani, linavuta sigara yake.
Kisha mlango. Huu ulikuwa na kitasa,
na chini yake ndara mbili, vidole vikitazama nje.

Sisi tuna neno dogo
linalotangulia mguu penye kizingiti chochote,
hata kwa mdeni wako, hata penye msiba.
Nami nilikuwa nimepita geti, kumbi tano,
na ngazi zote zile, pasipo kulitamka,
kwa kuwa niliamua, peke yangu, hakuna wa kuitikia.

Nikalisema pale, na aibu yake:
"Hodi."
Ndani, kijiko kikaacha kukoroga.

Jina lake Tsiala. Koti la sufi juu ya gauni la maua,
mwiko mkononi, wala hakushtuka; alichungulia viatu vyangu.
Mjukuu, Bachana, akatutafsiria kwa Kirusi changu cha kuokoteza
na kwa simu yenye ufa.
Walitoka Sukhumi, vita vilipowatoa.
Waliambiwa: miezi mitatu. Akaonyesha vidole vitatu.
Kisha akafungua viganja vyote viwili, kumi,
akavifunga, akavifungua,
akavifunga, akavifungua,
akarudi kwenye vitunguu vyake.

Niliuliza habari za mbao za sakafu.
Akaligonga jiko kwa mwiko.
"Baridi ya kwanza," Bachana alisema, aliyezaliwa
baridi ya ishirini na ngapi sijui.

Nikawatolea ramani, wanicheke.
Mtoto akaweka kidole kwenye mstatili, akasoma:
"Khalkhi." Akatafuta kwenye simu. "Watu."
Mstatili wa pili: watu. Wa tatu.
Nikamwambia basi, nimeelewa,
lakini alikuwa anapenda kusoma, akamaliza yote kumi.

Kigae nikakitoa, nikakiweka mezani.
Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi, nimeyapanga.
Tsiala akakigeuza, akakipangusa kwa aproni,
akateremsha sufuria ya moto
juu yake.

Tulikula. Giza lilipoingia Bachana alinisindikiza,
si kwa njia niliyojia.
Kumbe kuna ngazi nyingine, upande wa nyuma,
zimefagiliwa, zina taa.
Nilizihesabu hadi chini.
Hazikosi hata moja.