Utepe Mweusi

Baba hakusema kitu nilipoubandua.
Utepe wa umeme, upana wa kucha,
kwenye dashibodi ya Noah yetu, kando ya mshale wa petroli.
Chini yake herufi tatu za manjano
zinawaka mchana kweupe.

"Tangu lini?"
Akawatazama kuku.
"Tangu mama yako aanze kuuliza."

Wiki iliyopita, mteremko wa Mtemani, mvua ya ghafla,
watu wanakusanya karafuu barabarani mbiombio.
Baba akakanyaga breki.
Magurudumu yakafunga, gari likateleza
kama sabuni juu ya sakafu ya choo,
likasimama katikati ya jamvi la Bi Chumu.
Hakuumia mtu. Zilisagika pishi mbili, tukalipa,
na siku tatu tairi zetu zilinukia harusi.

Shaame wa gereji alisema pedi.
Ami Mbwana alisema mafuta ya breki.
Binamu yetu wa Unguja alisema kwa simu: uzeni.

Mimi nina cheti cha chuo cha amali
na kibanio cha karatasi.
Nikakinyoosha, nikakikunja herufi ya U,
nikachomeka kwenye matundu mawili chini ya boneti,
nikawasha swichi, nikahesabu.

Pa, pa, pa.
Kimya.
Pa, pa, pa, pa.

"Tatu, nne. Gurudumu la nyuma, kushoto."
"Gari limekwambia?"
"Linasema siku zote, Baba. Umeliziba mdomo."

Jeki. Jiwe mbele ya tairi. Nati tano ndani ya kifuniko cha sufuria.
Sensa yenyewe ni kidude kama kidole gumba
kinachotazama pete ya meno ikizunguka,
kikahesabu jino baada ya jino,
kikapeleka hesabu mbele.
Watatu wanahesabu, wa nne kanyamaza;
basi sanduku lile la mbele halitaki kubahatisha:
linajitoa, linakuachia breki za zamani
na taa ya kukujuza.

Mita ilitakiwa isome elfu moja na ushei.
Haikusoma kitu.
Nikaufuata waya kwa vidole, kama mtu atafutaye mwiba,
hadi pale unapojikunja juu ya ekseli.
Nje mzima. Ndani unga wa kijani,
kijani cha sinia ya shaba iliyosahauliwa uani.

Chumvi.
Nikaikumbuka Idi ile ya Vumawimbi,
Baba anarudi kinyumenyume ufukweni, anacheka,
sisi watoto tunapiga makofi: bado, bado, bado!
Mawimbi yakaja mpaka chini ya bampa.
Nami nilipiga makofi.
Sikumwambia hilo.

Nikakata, nikamenya, nikaunga kwa risasi.
Baba akaninyooshea ule utepe: "Funika na huu."
"Gundi yake imekwisha."
Akauzungusha vidoleni,
akaenda kuubandika kwenye rimoti ya televisheni
ambayo haina mlango wa betri tangu Ramadhani.

Kufuta kumbukumbu ya kosa, unakanyaga breki mara nane, upesi.
Mama ndiye aliyekanyaga, na kandambili zake,
akihesabu kwa sauti kama anayepima mchele.
Nikazima swichi, nikachomoa kibanio, nikawasha tena.
Taa ikawaka. Mama akaguna.
Moja, mbili, tatu,
ikazimika.
"Imekufa tena?"
"Hapana, Mama. Ikiwa nzima ndivyo ifanyavyo:
huwaka kwanza, ikajitambulisha, kisha ikanyamaza."

Jioni tulikwenda uwanja wa skuli, majani yamelowa.
Hapakuwa na mtu ila mbuzi mmoja kamba shingoni.
Baba akakaza mwendo, akakanyaga.
Gru-gru-gru chini ya wayo wake;
gari likapunguza mwendo, pua mbele, limenyooka.
Akashtuka, akataka kuinua mguu.
"Inagonga!"
"Iache igonge," nikamwambia. "Usiondoe mguu."