Forodha Ishirini na Nne

Baba alikata roho alfajiri, theluji ikidondoka paani,
na kabla mwili haujapoa mama alikuwa jikoni
akitafuta sarafu.
"Ishirini na nne," aliniambia. "Hata moja isipungue."

Kwetu Maramureshi mtoto hujua hili kabla hajajua kusoma:
roho ikitoka haiendi moja kwa moja kwa Mungu.
Hupanda siku arobaini, na angani kuna forodha,
kila forodha na dhambi yake,
hapa uongo, pale ulafi, kule husuda,
na kila mlangoni shetani mwenye daftari
aliyeandika hata ulichonong'ona peke yako kisimani.
Malaika anasimama upande wako
na kifurushi cha mema yako. Wanapima.
Unapita, ama hupiti.

Niliona haya kucheka, lakini nilicheka.
Maana baba, Ilarie Bodnariuk, alikuwa mtu wa forodha.
Miaka thelathini na moja kwenye daraja la mto Tisa:
kofia yenye nembo, muhuri,
na droo ya chini iliyofunguliwa kwa goti.
Alijua bei ya sigara, bei ya kahawa,
bei ya kutotazama.
Kitu kidogo kilitujengea jiko la vigae.
Kitu kidogo kilinisomesha mimi.

Tulisimamisha saa. Tukafunika kioo.
Kifuani pake tukaweka mshumaa wa nta
uliosokotwa kama nyoka aliyelala,
urefu wake sawasawa na urefu wa baba.
Usiku wa pili bibi Todosia akaomboleza,
sauti yake bawaba isiyotiwa mafuta:

    Ilarie ewe mwana, safari si ya viatu,
    Hakuna wa kujuana, wala wa kuhonga katu,
    Muhuri wako we bwana, umebaki huku kwetu,
    Utapita kwa kunena, ulimpa nani kitu?

Hakuna aliyejibu. Mtu alikohoa.
Padri Simion akasema taratibu kwamba wokovu hauuzwi,
Kristo alishalipa, mara moja, kwa wote.
Mama akaitikia amina
na akaendelea kuhesabu.

Siku ya mazishi alikuja mwanamke kutoka ng'ambo,
Halina, shali ya kijivu, vidole vya mshonaji.
Hakulia. Alitazama kona ya chumba.
"Cherehani ile ni yangu," alisema.
"Alininyang'anya darajani, mwaka wa njaa.
Alisema haina karatasi.
Nilikuwa na wanne wa kulisha."

Shati alilovaa baba jenezani
lilishonwa kwa cherehani hiyo.

Kwetu sadaka hupitishwa juu ya jeneza:
mkate, taulo, hata kuku mzima.
Unachokitoa hapa, marehemu atakikuta huko.
Sikumtazama padri. Nilishika upande mmoja, mama upande wa pili,
tukainyanyua, chuma chote kile,
tukaipitisha juu ya uso wa baba
hata sindano ikakaribia kumgusa pua.
Halina aliipokea.
Akasema lile ambalo husemwa: "Mungu amsamehe."
Akanyamaza. Kisha akalirudia, polepole,
kama mtu anayehakiki chenji.

Walisema baadaye kwamba pale darajani
kijana mmoja mwenye kofia ileile alimsimamisha.
"Mama, kuna cha kulipia ushuru?"
"Kimeshalipiwa," alijibu, akasukuma toroli lake.

Mimi sijui. Niliishi mjini, nina mashaka yangu,
na bado kila usiku nilihesabu:
leo yuko kwenye uongo; leo, wizi.
Usiku wa wizi sikulala.

Siku ya arobaini tulichemsha ngano kwa sukari na jozi,
tukaigawa mlangoni pa kanisa.
Jioni nikamkuta mama jikoni,
droo zote wazi, anapekua tena.
"Mama, zake zilitimia."
"Zake, ndiyo."
Alikuwa ameinama, sikuuona uso wake.
"Lakini ni mimi niliyeshonea, mwanangu. Miaka yote ile."
Na akaendelea kutafuta.