Alama ya Mshangao

Ajenda ya nne ilikuwa mipaka.
Darasa la tano, saa sita na robo,
watu wazima wamebanwa na madawati, magoti karibu yaguse videvu.
Mimi ndiye mwandishi. Kalamu ya halmashauri,
daftari la kwangu.

Ramani ililetwa imekunjwa mara nane.
Ilipofunguliwa, kilima chetu kilikuwa kijani kitupu
na juu yake namba: 14B.
Eneo hili liko wazi, alisema Afisa Ardhi.
Wazi kama nini, akauliza Paskazia,
kama mlango au kama kidonda?
Watu wakacheka. Sikujua kicheko kinaandikwa safu ipi.

Akakitaja kilima kwa Kisandawe.
Jina linaanza na mlio,
ulimi ukibanduka kwenye kaakaa
kama gome linavyobanduka mtini.
Herufi za shuleni, zote ishirini na nne,
hakuna iliyowahi kuusikia.
Kwa hiyo miaka yote tuliandika "Mlimani".
Makaburi yako Mlimani, mizinga iko Mlimani,
mizizi tuliyochimba mwaka wa njaa, Mlimani.
Milima ni mingi. Ramani haikuona mtu.

Nikiri, kabla sijajificha nyuma ya kalamu:
mwaka juzi nilipanda huko usiku na shoka.
Magunia mawili ya mkaa, ada ya Melkiori.
Lori la Dodoma lililipa papo hapo.
Tangu hapo redio ikitaja tabianchi
natazama viganja vyangu,
ingawa najua wapo wenye viganja vyeusi kuliko hivi
na hawajawahi kushika mpini.

Mvua ya kwanza ilikuja Januari, tarehe kumi na tisa,
usiku mmoja tu, ikaondoka na mbegu.
Uwele tulipanda mara tatu.
Mara ya tatu mama alihesabu punje
kama mtu anayerudisha chenji.
Nyuki wamehama, hawakuaga.
Mizinga mitupu inapiga mluzi upepo ukipita.

Hayo hayakuwa kwenye ajenda.
Niliyaweka kwenye Mengineyo.

Akidi ilitimia saa nane, wachungaji walipofika na vumbi lao.
Mikono nilihesabu mara mbili,
ya madirishani nayo:
mia moja arobaini na wawili, hatukubali.
Mmoja alinyoosha, akashusha, akanyoosha tena.
Nilimhesabu.

Jioni, nikinakili kwa wino, nikafika kwenye jina.
Nikaweka alama ya mshangao
mwanzoni, kabla ya herufi yoyote,
kisha nikaendelea.

Mwandishi, alisema Afisa Ardhi, alama hii hukaa mwisho.
Nikamwambia, sisi tunaanza nayo.
Alinitazama kidogo. Gari lilikuwa linaunguruma nje.
Akagonga muhuri,
muhuri ukaangukia juu ya jina,
wino wa bluu, nusu linasomeka.

Nusu hiyo ndiyo iliyokwenda wilayani.